Sinia la Arobaini

Ujiji, 27 Julai 2023

Shemeji Haruna,

Samson wa basi ametuambia ulishuka Dar salama. Tumeshukuru. Mimi niko palepale uliponiacha, chumba cha uani, dirisha linaloangalia banda la kuku.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Bibi Mwanvua anayenikalisha eda ameichukua simu yangu na kuifunga kwenye kanga yake. Anasema haifai mjane kusikia sauti ya shemeji yake mpaka eda iishe. Nikamwambia, bibi, ni mambo ya hoteli. Akasema, "Hoteli haikimbii." Lakini barua amekubali, kwa kuwa karatasi haina sauti. Kwa hiyo nitaandika, Shadia atampa Samson, na wewe utaichukua stendi ya Mbezi. Nijibu kwa njia hiyohiyo. Shadia unamjua, mtoto wa dada yangu, ndiye anayeshika jiko la hoteli yetu ya Katonga tangu kaka yako Mwinshehe afariki.

Ulipokuja kwenye arobaini uliniahidi kuitengenezea hoteli menyu ya mtandaoni, ili wageni wanaokwenda Gombe watujue. Ukaniomba nikuandikie vyakula vyetu. Ni hivi: mgebuka wa kukaanga, kuhe wa kuchoma akipatikana, dagaa kwa mawese, sombe (wageni watasema kisamvu), maharage, ugali wa muhogo, wali. Hakuna kingine.

Ningependa uandike kama kaka yako alivyokuwa anasema. Unakumbuka? Mteja akikaa, Mwinshehe anafuta mikono, anakuja, anaanza na visivyokuwepo. "Leo kuhe hakuna. Leo sombe imekwisha." Ndipo anataja vilivyopo. Kuna mtu wa Mwanza alimwuliza, "Mzee, mbona unaanza na msiba?" Akamjibu, "Nisikutie hamu halafu nikunyime." Yule mtu alicheka, akarudi kesho yake na mkewe.

Hayo tu. Asante kwa kutukumbuka.

Shemeji yako,
Mwasiti


Dar es Salaam, 5 Agosti 2023

Shikamoo shemeji,

Barua nimeipata. Samson amenicheka sana, anasema mimi ndiye abiria wake wa kwanza asiyepanda basi.

Shemeji, kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo niamini. Menyu ya mtandaoni haifanani na ubao wa chaki. Mtu anaitazama kwenye simu akiwa na mambo yake, kidole kinapita haraka. Usipomshika palepale, ameondoka. Kinachomshika ni picha. Picha moja kubwa juu, yenye chakula kinachoonekana kina moto, na watu wanaokula kwa furaha. Halafu vyakula vichache, majina mafupi, na chini ya kila kimoja maneno ya kumtoa mtu mate.

Kwa mfano, nimeandika: "Mgebuka aliyekumbatiwa na mawese ya dhahabu." "Sombe laini kama mapenzi ya mama." Unaonaje?

"Leo hakuna" haiwezekani. Hakuna anayefungua mlango ili aambiwe hakuna. Kaka alikuwa na namna yake, Mungu amrehemu, lakini alikuwa anaongea na mtu aliyekwisha kukaa.

Picha ya juu ninayo tayari. Nilipiga mwenyewe. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wiki ijayo ukurasa unafunguliwa.

Nisalimie Bibi Mwanvua, mwambie hii nayo haina sauti.

Haruna


Ujiji, 24 Agosti 2023

Haruna,

Iondoe ile picha.

Nilitaka barua hii iwe na mstari huo mmoja, lakini nimeona utauliza kwa nini, na kule kuuliza kwako kutaniudhi zaidi.

Juzi asubuhi Mzee Selestini amekuja kutoka Simbo. Unamjua, yule anayetuletea mawese, rafiki wa kaka yako tangu ujana, aliyekatwa kidole na mashine ya kukamua mawese. Hakuja na mawese. Alisimama barazani na Bibi Mwanvua, mimi nikamsikia kupitia dirishani.

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye, mzee. Karibu ukae."

"Sikai. Wajukuu zangu wamenionyesha mkono wangu kwenye simu. Wanasema babu, mkono wako unatangaza hoteli. Mimi ni Mkristo, bibi, lakini nilikuja kwenye hitima ya rafiki yangu, nikanawa, nikala na wenzangu kwa heshima. Sikuja kupigwa picha."

Akaondoka. Sijawahi kusikia mzee yule akiondoka bila kuaga.

Nikamwita Shadia alete simu yake. Bibi Mwanvua aliruhusu, akasema picha nayo haina sauti. Nikaona. Sinia letu, Haruna. Lile lililobonyea ukingoni, ambalo kaka yako alijitwika mvua ilipotunyeshea, akakimbia nalo, akaligonga kwenye mwimo wa mlango, akasimama anacheka maji yanamtiririka. Ningelijua hata gizani. Na pilau ya arobaini iko juu yake. Na mikono ya watu waliokuja kumwombea dua mume wangu. Umekata nyuso, umeacha mikono, ukaandika chini: "Sinia la Ujiji, karamu ya watu sita. Njoo ufurahi na uwapendao."

Karamu!

Mtaani wanasema tulipika hitima kwa ajili ya tangazo. Mwanamke mmoja kanisimamia dirishani, eti kanipa pole, akasema, "Ningejua kuna kamera ningevaa gauni la Idi." Ni msiba wangu ule. Nimekaa ndani sina hata mlango wa kutoka nikawajibu.

Na samaki hakumbatiwi. Anakaangwa.

Iondoe.

Mwasiti


Dar es Salaam, 1 Septemba 2023

Shikamoo shemeji,

Nimesoma barua yako mara mbili. Pole kwa maneno ya watu, lakini naomba unisikilize kabla hujanihukumu.

Kwanza, hakuna uso hata mmoja kwenye picha. Mikono tu. Mtu wa Arusha au wa nje hawezi kujua kuwa ile ni hitima. Anaona watu wanaokula pamoja. Si ndivyo ilivyokuwa? Hawakuwa wanakula pamoja?

Pili, ile picha inafanya kazi. Watu wameitazama kuliko kitu chochote nilichotengeneza mwaka huu. Kampuni moja inayopeleka wageni Gombe kwa boti imeniandikia, inataka kuleta kundi, na wameomba sinia lilelile. Nikiweka picha ya mgebuka kwenye sahani ya bati hakuna boti itakayosimama.

Tatu, shemeji, nakuomba fikiria hoteli. Kaka ameondoka. Wateja waliokuwa wanakuja kwa ajili ya mazungumzo yake hawaji tena, Shadia mwenyewe ameniambia meza zinakaa tupu. Mimi sina namna nyingine ya kusaidia. Najua kitu kimoja, nacho ni hiki.

Nimebadilisha yule samaki. Sasa ni "mgebuka aliyepakwa mawese ya dhahabu."

Haruna


Ujiji, 9 Septemba 2023

Haruna,

Hajapakwa pia.

Unaniambia wa Arusha hawajui. Wa Ujiji je? Mzee Athumani wa msikitini, aliyesoma dua ile, mkono wake uko pale, ule wenye pete ya fedha. Alikuja akaniuliza kupitia kwa Bibi Mwanvua kama chakula kile kilitolewa sadaka au kiliuzwa. Mzee wa heshima kama yule, anauliza kwa aibu, kama anayeuliza habari ya choo. Nikamjibu ni sadaka. Akasema, "Basi kisiuzwe."

Kile chakula nilikitoa kwa ajili ya Mwinshehe, thawabu zimfikie. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia tangu walipomtoa hapa. Sitaki aulizwe huko aliko mbona hitima yake inauzwa Katonga.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na Shadia nimemwambia. Mtu yeyote atakayekuja hotelini kwa sababu ya picha ile, akaomba sinia lile, apikiwe, ale, ashibe, asilipe. Akitoa pesa arudishiwe. Aambiwe hiki ni chakula cha marehemu, amwombee dua aende. Kundi lako la boti nalo hivyohivyo.

Wewe ukiiacha picha, mimi nitaendelea kuwalisha. Mchele ukiisha tutafunga.

Mwasiti


Dar es Salaam, 18 Septemba 2023

Shemeji,

Hivi unajua mlichokifanya?

Kundi la boti limefika. Shadia amewapikia pilau masinia mawili, wamekula, wamefurahi, wakashika pochi. Naye akawaambia, kwa sauti ile yake ya upole, "Hapana, hiki ni chakula cha marehemu." Kiongozi wao ananiambia kuna mama mmoja aliacha kutafuna na wali mdomoni. Wakauliza marehemu gani. Akawaonyesha picha ya kaka ukutani!

Sasa kwenye ukurasa wangu, ambao nimekesha kuutengeneza, mgeni ameandika: "Chakula kitamu sana, lakini tuliambiwa ni cha marehemu, hatukuelewa." Bosi wangu ameniita kuniuliza mimi na ndugu zangu tuna matatizo gani. Na Shadia anasema kuna vijana wa Buzebazeba wamesikia, wanakuja kila siku mchana, wanasema wamevutiwa na picha.

Unaiua hoteli ya kaka yangu kwa ajili ya picha moja.

Na kwa kuwa umeniandikia kwa hasira, na mimi niseme langu. Unasema msiba wako. Ulikuwa wako peke yako? Yule alinibeba mabegani kwenda shule. Aliuza baiskeli yake ili nije Dar kusoma. Alfajiri ile mlinipigia simu, nikapanda basi la kwanza. Likaharibika njiani, nikawapigia, nikasema ningojeni. Nikaahidiwa mtaningoja. Nikiwa bado barabarani mmeshamzika, adhuhuri, kama watu wanaowahi meli. Nimefika kesho yake jioni, udongo umeshakauka juu. Uso wake sikuuona. Udongo sikuutupa. Jeneza sikulishika.

Nimekuja kwenye arobaini, wenzangu wote wana la kusimulia. Huyu aliosha, huyu alibeba, huyu aliingia kaburini. Mimi nilikuwa na simu. Picha ile ndiyo kitu pekee cha msiba ule nilichokishika kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo maana niliiweka juu. Sikuiona kuwa tangazo. Niliona ni nzuri, nikataka watu waione.

Nawe unaniambia iondoe, kama unayemwambia mtu aondoe kiatu mlangoni.

Haruna


Ujiji, 28 Septemba 2023

Haruna,

Barua yako imekaa chini ya mto wangu siku kadhaa kabla sijaweza kuijibu. Bibi Mwanvua alidhani ninaumwa.

Ni kweli hukungojewa. Ulikuwa na haki ya kungojewa, na aliyekuahidi alikosea kukuahidi, maana wazee walikuwa wameshaamua. Lakini usinifokee mimi kama niliyeshika jeneza. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa humu ndani, nimezungukwa na wanawake, mmoja ananishika kichwa, mmoja ananishika miguu, kama ningeweza kwenda popote. Nikasikia sauti za wanaume uani, nikasikia miguu yao ikitoka kwa pamoja. Halafu pakawa kimya, nikawasikia kuku. Hivyo ndivyo nilivyomzika mume wangu.

Wewe jioni ile ulifika kaburini. Ulisimama, ukaona. Mimi naishi mwendo mfupi kutoka pale, na mpaka leo sijui amelala karibu na nani. Nimeuliza, wananiambia "kule upande wa miti." Kule upande wa miti! Kama wanaonielekeza duka. Unaniambia hukuutupa udongo. Mimi hata kuuona sijauona. Kwa hiyo tusishindane.

Sasa nisikilize habari ya picha.

Nilimwambia Shadia aniachie simu mchana mmoja. Nilitaka niitazame vizuri ili hasira yangu ikamilike, nikuandikie barua ya mwisho kabisa. Nikatazama. Mkono wa Mzee Selestini. Pete ya Mzee Athumani. Mkono wa Pastory jirani, una chokaa, alitoka kazini moja kwa moja. Kila mmoja amechimba upande wake, wali umefika chini, bati linaonekana. Halafu upande wa huku, karibu na mpigaji, ule wenye lile bonyeo, haujaguswa. Wali umesimama kama ulivyopakuliwa. Nyama iko juu yake, kubwa, inangoja.

Nikamwuliza Shadia, shemeji Haruna alikula sinia gani siku ile? Akafikiri, akasema, "Mama mdogo, sikumbuki kumwona akila." Nikamwuliza Bibi Mwanvua. Akasema, "Nani? Yule? Si alikuwa anazungukazunguka na simu kama anayetafuta mtandao."

Wewe mwenyewe umeandika watu sita. Mikono ni mitano, Haruna.

Ile sehemu nzuri inayowatoa watu mate Arusha na wapi sijui ni fungu lako. Walikuwekea, hukukaa. Hitima ya kaka yako, uliyosafiri kote huko kuifuata, hukuila.

Bado nina hasira. Usidhani imekwisha. Kwa Mzee Selestini utakwenda mwenyewe Simbo, kwa miguu yako, umwombe radhi, na usimpigie simu. Mzee Athumani pia. Lakini na hili la kutokula limenikasirisha kuliko lile la picha, na sijui nimkasirikie nani.

Eda yangu inaisha katikati ya Oktoba. Siku hiyo nitaoga, nitatoka mlangoni. Njoo. Nitapika mimi, sinia lilelile, na walewale nitawaita. Kitakuwa chakula cha nyumbani, hakitauzwa. Utakaa upande wa bonyeo. Simu utamkabidhi Bibi Mwanvua, ana kanga ya kuifungia.

Baadaye utanipeleka makaburini. Ukanionyeshe amelala wapi. Wewe ndiye unayejua.

Shemeji yako,
Mwasiti


Dar es Salaam, 10 Oktoba 2023

Shikamoo shemeji,

Barua hii nimepanda nayo basi mwenyewe. Samson amekataa kuibeba, anasema safari hii nijibebee. Nitaitoa kwa Bibi Mwanvua barazani, nami nitafikia kwa Mzee Selestini Simbo mpaka siku yako ifike. Nimempigia simu, usinigombeze, ilikuwa kumwuliza kama atanipokea tu. Akasema, "Njoo, lakini utafanya kazi. Mawese hayajikamui."

Picha nimeiondoa. Kuna watu wameshaichukua na kuiweka kwingine, wengine siwajui. Nimewaandikia wote niliowaona waitoe. Wachache wamekubali. Aliyekataa mmoja nimemtukana, nisamehe.

Mahali ilipokuwa sikuweka nyingine. Nilijaribu. Nilitafuta picha ya ziwa, ya samaki, ya jiko, zote zikawa zinasema uongo. Mwisho nimepaacha peupe, nikaandika kwa herufi kubwa, juu kabisa, kitu cha kwanza mtu anachokiona: LEO HAKUNA. Chini yake ndipo vinakuja visivyokuwepo. Shadia atanitumia kila asubuhi kilichokosekana Katonga, nami nitabadilisha kabla watu hawajaamka. Halafu ndipo vinafuata vilivyopo. Mgebuka wa kukaanga. Dagaa kwa mawese. Sombe. Hakuna dhahabu, hakuna mapenzi ya mama. Bosi wangu ameniuliza kama naumwa. Lakini juzi mtu mmoja ameandika kutoka Tabora: "Hii hoteli ina mzee mmoja alikuwa anaanza na visivyokuwepo, bado yupo?" Utamjibu wewe.

Bado nina hasira kwamba hamkuningoja. Nakuja nayo, usitarajie niiache stendi. Nitakuonyesha alipolala. Hapako upande wa miti, wamekudanganya. Pako wazi kabisa, jua linapapiga, na nilisimama pale mpaka walipokuja kunichukua.

Kwenye orodha ya visivyokuwepo kuna mstari mmoja ambao hautabadilika, hata Shadia atume nini. Nimeuweka wa kwanza:

"Sinia hakuna. Lina wenyewe."

Naja na njaa, shemeji.

Haruna